Kamanda anataka kuniadhibu bila mahakama: nikubali au nikatae?

Mzee mshauri, shikamoo.

Mimi ni kijana wa Kilifi, na huu ni mwaka wangu wa tatu katika jeshi la nchi kavu la Marekani, nikiwa na daraja la E-4, la nne kutoka chini. Nilijiunga nikiwa na kadi ya ukaazi wa kudumu, na maombi yangu ya uraia bado hayajaamuliwa.

Wiki iliyopita sajenti wa platuni yetu aliniambia kwamba karatasi za Ibara ya 15, yaani adhabu ya kamanda bila mahakama, zinaandaliwa dhidi yangu na kwamba nitaitwa mbele ya mkuu wa kombania wakati wowote. Nashtakiwa kwa kutofika paredi ya asubuhi mara mbili na kwa kumdharau sajenti. Mara ya kwanza ni kweli: nilikesha kwenye simu kwa sababu mama alikuwa amelazwa hospitalini nyumbani, nikapitiwa na usingizi. Mara ya pili nilikuwa na miadi katika hospitali ya kambi, na jioni iliyotangulia nilimtumia sajenti ujumbe kumjulisha. Kuhusu dharau nakataa kabisa. Aliponifokea nilinyamaza nikaangalia chini, kama nilivyolelewa kumsikiliza mkubwa wangu, naye akasema kwamba ukimya ule ni kiburi.

Mjomba wangu, ambaye alistaafu katika jeshi la Kenya, ananiambia nikiri yote na kuomba radhi, kwa sababu jeshini hakuna kubishana. Rafiki yangu wa bwenini anasema nikatae na kudai mahakama ya kijeshi, kwa kuwa makamanda huogopa usumbufu wa kesi na mara nyingi huiacha. Binamu yangu aliye katika jeshi la majini anadai kwamba haki hiyo ya kukataa haipo. Je, nikisaini nitakuwa nimekiri? Naweza kufungwa? Na uraia wangu utakuwaje? Nina wadogo wawili wanaosoma kwa fedha ninazotuma.

Askari mwenye mashaka

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole kwa ugonjwa wa mama.

Jambo la kwanza lisingoje mwisho wa jibu hili. Kesho asubuhi, kabla hujaitwa, tafuta ofisi ya mawakili watetezi wa jeshi inayohudumia kambi yenu, ambayo askari huijua kwa herufi TDS. Mawakili hao ni maofisa wa jeshi, lakini hawako chini ya kamanda wako, huduma yao ni bure, na mnayozungumza ni siri yenu. Mimi naweza kukueleza jinsi mambo haya yanavyokwenda, ila wakili ndiye atakayeisoma karatasi yenyewe na ushahidi ulioambatanishwa nayo, na bila kuisoma hakuna mtu anayeweza kukushauri kwa uhakika ukubali au ukatae.

Sasa tuitazame Ibara yenyewe. Ni sehemu ya mkusanyiko wa sheria za kijeshi uitwao UCMJ, ambao Rais Harry Truman aliutia saini mwaka 1950 ukaanza kutumika mwaka 1951. Lengo lake ni kumpa kamanda njia ya kuadhibu makosa madogo haraka, pasipo kumfikisha askari mahakamani na pasipo kumwachia rekodi ya mhalifu, na mwaka 1962 bunge la Marekani liliongeza adhabu ambazo makamanda wanaweza kutoa kwa njia hiyo. Majeshi mengi duniani, la Kenya likiwemo, yana utaratibu wa namna hii, kwa sababu kikosi kisingeweza kufanya kazi kama kila kuchelewa paredi kungehitaji majaji na mawakili. Lakini utaratibu huu una kasoro ambayo lazima uikubali tangu sasa: mtu anayeamua kukushtaki ndiye huyohuyo anayesikiliza utetezi wako, anayeamua kama una hatia, na anayetoa adhabu. Sheria inajua kwamba madaraka hayo ni makubwa mno kwa mtu mmoja, na ndiyo maana ikamwekea askari kizuizi kimoja mkononi mwake, yaani haki ya kumwambia kamanda kwamba hakubali shauri lake liamuliwe hivyo, bali anadai mahakama ya kijeshi.

Binamu yako hakukosea kabisa, amesema linalomhusu yeye. Askari aliyepangiwa kazi katika meli, au aliye ndani ya meli wakati huo, hana haki ya kukataa, na kwa baharia hiyo ni hali ya kawaida ya maisha. Sheria ya baharini ilikuwa kali hata zaidi hapo nyuma, kwani nahodha aliweza kumfungia baharia wa daraja la chini kwa siku 3 akila mkate na maji tu. Adhabu hiyo iliondolewa kwa marekebisho ya sheria yaliyoanza kutumika Januari 2019. Hata kiwango cha ushahidi hakilingani. Jeshi la majini linamruhusu kamanda kuadhibu ikiwa anaona kosa lina uwezekano mkubwa zaidi wa kutendeka kuliko kutotendeka, ilhali kanuni za jeshi lako la nchi kavu zinamtaka kamanda aridhike pasipo shaka yoyote ya maana, kama inavyotakiwa kwa hakimu wa jinai. Kwa hiyo msikilize binamu kwa upendo, lakini usifuate sheria za meli ukiwa nchi kavu.

Siku utakayoitwa, kamanda au mtu aliyemteua atakusomea mashtaka, haki zako, na kiwango cha juu cha adhabu unayoweza kupewa. Siku hiyo unasaini tu kuthibitisha kwamba umesomewa. Baada ya hapo unapewa muda wa kuonana na wakili na kuamua, ambao kwa kawaida katika jeshi lako ni saa 48, na unaweza kuomba uongezewe kwa sababu ya msingi. Ukirudi ndipo unapochagua: ama unadai mahakama, ama unakubali kamanda alisikilize shauri. Saini ya uchaguzi huu wa pili ndiyo inayokutia hofu, na naomba uelewe vizuri maana yake. Kukubali shauri lisikilizwe na kamanda si kukiri kosa. Unaweza kukubali asikilize kisha ukasimama mbele yake ukakana mashtaka yote, au ukakiri moja na kukana mengine, naye bado anabaki na wajibu wa kuona ushahidi kabla ya kusema una hatia.

Hapa ndipo ninapotofautiana na mjomba wako, ingawa naheshimu miaka aliyolitumikia jeshi. Ushauri wa kukiri yote unaweza kumfaa mtu aliyetenda yote. Wewe unasema umetenda moja kati ya matatu, na ukikiri yale mawili mengine ili kumridhisha mkubwa, utakuwa umetia saini uongo dhidi yako mwenyewe katika karatasi ya serikali, na kosa la dharau lina uzito mkubwa kuliko la kuchelewa. Jeshi hili halikutaki uwe mnyenyekevu kiasi hicho. Linakutaka useme kweli kwa adabu.

Rafiki yako wa bwenini naye ana chembe ya ukweli, kwani zipo kesi ambazo kamanda huziacha askari akidai mahakama, hasa ushahidi ukiwa dhaifu. Lakini kuna mambo ambayo hakukueleza. Ukikataa, kamanda ana njia kadhaa: anaweza kuyaacha mashtaka, anaweza kuyapeleka katika mahakama ya kijeshi ya ngazi anayoona inafaa, au anaweza kukufungulia hatua za kiutawala, kama barua ya karipio au utaratibu wa kukuondoa jeshini. Mahakama ya kijeshi inaweza kukufunga, jambo ambalo Ibara ya 15 haiwezi kulifanya kwa maana ya jela. Ipo adhabu ya kumweka askari chini ya ulinzi ili arekebishwe, ila sheria inaikusudia kwa madaraja ya chini ya lako, yaani E-1 hadi E-3. Tena ukipatikana na hatia katika mahakama ya kati au ya juu, hiyo ni hatia ya jinai ya serikali kuu ya Marekani, itakayokufuata ukiomba kazi, nyumba na uraia. Mtu hukataa Ibara ya 15 akiwa na sababu inayoweza kusimama mbele ya jaji. Hasira na fununu za bwenini hazimtoshi.

Sikiliza pia ni Ibara ya 15 ya namna gani unayosomewa, maana tofauti zake ni kubwa. Ya chini kabisa ni ile ya muhtasari, ambayo haiwezi kuzidi siku 14 za kazi za ziada, siku 14 za kuzuiliwa katika mipaka ya kambi, na onyo au karipio, na katika hiyo haki ya kushauriana na wakili haimo. Inayofuata ni ya mkuu wa kombania, ambaye kwa kawaida ni kapteni. Huyo anaweza kukupa siku 14 za kazi za ziada, siku 14 za kuzuiliwa, kukatwa mshahara wa siku 7, na kukushusha daraja moja, kwa hiyo ungekuwa E-3. Ya juu ni ya ofisa wa cheo cha meja na kuendelea, mara nyingi luteni kanali anayeongoza batalioni. Hapo kazi za ziada zinafika siku 45, kuzuiliwa siku 60, ingawa zikiunganishwa zote mbili kuzuiliwa hakuzidi siku 45, na unaweza kukatwa nusu ya mshahara wa mwezi kwa miezi 2 na kushushwa kutoka E-4 mpaka E-1. Kwa kuwa unaitwa na mkuu wa kombania, inaelekea shauri lako ni la ngazi ya kati, lakini usikisie, subiri kamanda aitamke adhabu ya juu.

Nakushauri kwa moyo wote ujiandae kwa kikao chenyewe, kwa sababu hapo ndipo vijana wetu wengi wanapopoteza. Wanahangaika siku mbili wakiulizana wakubali au wakatae, kisha wanaingia mbele ya kamanda mikono mitupu, wanasema “ndiyo, bwana” mara nne, na kikao kinakwisha. Wewe una vitu. Chukua hospitalini uthibitisho wa miadi yako, unaoonyesha tarehe na saa. Ujumbe uliomtumia sajenti, upige picha ya skrini yenye muda wake na kuuchapisha, na usiufute kwenye simu kwa sababu yoyote. Kama kuna karatasi za maonyo ulizopewa na sajenti na ukazisaini, omba nakala, na angalia kama ulitia alama ya kukubali au ya kutokubali, kwa kuwa karatasi hizo huambatanishwa kama ushahidi. Tafuta askari aliyekuwa karibu sajenti alipokufokea na umuulize kama yuko tayari kueleza alichokiona, kwa maandishi au ana kwa ana. Una haki ya kuuona ushahidi ulio dhidi yako, kuita mashahidi wanaopatikana, kuomba mtu akusemee, na kuomba kikao kiwe cha wazi. Mtu wa kukusemea si lazima awe wakili. Anaweza kuwa sajenti mwingine anayeijua kazi yako, na neno la sajenti anayeheshimika katika kikosi lina uzito ambao kijana wa E-4 hawezi kuwa nao peke yake.

Kuhusu lile la kunyamaza na kuangalia chini, usilipuuze kwa kuwa wewe unajua ulimaanisha nini. Katika sheria ya kijeshi, dharau kwa mkubwa haihitaji maneno. Mwenendo peke yake unaweza kuhesabiwa kuwa dharau, ikiwa unaonyesha wazi kumpuuza. Nyumbani mtoto anayemkazia macho mzee anayemkaripia ndiye anayeitwa mtovu wa adabu. Kwa sajenti aliyelelewa Ohio au Texas, anayekwepesha macho asijibu ndiye anayeonekana hajali, na yeye anaweza kuwa amekasirika kwa dhati bila nia ya kukuonea. Mweleze kamanda hivyo, kwa sentensi mbili au tatu ulizozifikiri mapema: kwamba ulilelewa kumsikiliza mkubwa kwa kuinamisha macho, kwamba ulinyamaza ili usimkatize, na kwamba sasa umeelewa jeshi linataka umtazame na kuitikia. Usimwambie kwamba sajenti ni mwongo. Mwambie ni kitu gani ulikifanya na kwa nini, naye ataona mwenyewe kwamba tendo moja limesomwa kwa namna mbili. Na siku hiyo mtazame usoni unapozungumza naye.

Neno jingine kuhusu kusema. Kuanzia sasa mpaka uonane na wakili, usilijadili shauri hili na sajenti wala na mtu yeyote katika mlolongo wa amri. Ibara ya 31 ya sheria hiyohiyo inakupa haki ya kunyamaza unapohojiwa kuhusu kosa unalotuhumiwa, na wajibu wa kutii amri halali hauiondoi haki hiyo. Ukiulizwa, jibu kwa upole kwamba ungependa kuzungumza na wakili kwanza.

Wakili wako akiona, kwa haya uliyoniandikia, kwamba ni busara kukubali kamanda asikilize, basi kiri lile la usingizi waziwazi na mapema, eleza habari za mama bila kuzigeuza kisingizio, kisha kana mengine mawili ukiwa na uthibitisho mkononi. Mimi mwenyewe naegemea upande huo. Iwapo kamanda ataamua kukushusha daraja, muombe aisitishe adhabu hiyo. Sheria inamruhusu kuisimamisha kwa muda usiozidi miezi 6, na ukimaliza muda huo bila kosa jipya inaondoka, ingawa ukikosea tena anaweza kuirejesha. Makamanda wengi hawalitaji jambo hili wenyewe, lakini hulifikiria wakiombwa kwa adabu.

Usiporidhika, una siku 5 za kukata rufaa kwa kamanda wa juu yake, nawe unaweza kudai kwamba hukutenda kosa, kwamba adhabu imezidi, au yote mawili. Rufaa ni moja tu. Anayeisikiliza hawezi kuongeza adhabu, kwa hiyo huna cha kupoteza kwa kuiandika, na ikiwa hajaiamua ndani ya siku 5 unaweza kuomba kazi za ziada na kuzuiliwa visimame mpaka aamue. Usiache siku hizo zipite kwa ajili ya kununa.

Umeniuliza kuhusu uraia, na hapa nataka uwe mwangalifu kuliko kwingine kote. Ibara ya 15 si hukumu ya jinai. Hata hivyo maombi ya uraia yanaangalia mwenendo mwema, na jeshi lenyewe hutakiwa kuthibitisha kwamba utumishi wako ni wa heshima, hivyo kila swali la fomu lazima ulijibu kwa ukweli, likiwemo lolote linalohusu kuadhibiwa, kwa sababu kuficha kunaweza kukuharibia kuliko adhabu yenyewe. Hatari kubwa zaidi iko mbele kidogo. Kwa askari wa daraja lako, karatasi za Ibara ya 15 kwa kawaida hubaki katika faili za kikosi na haziingii katika jalada kuu la utumishi. Lakini zikiwa mbili au tatu, kamanda anaweza kuzitumia kudai kwamba una mwenendo wa kurudia makosa na kuanzisha utaratibu wa kukuondoa jeshini. Askari aliyepata uraia kupitia utumishi wake, kisha akaachishwa kwa masharti yasiyo ya heshima kabla ya kutimiza miaka 5 ya utumishi wa heshima, anaweza hata kunyang'anywa uraia huo. Kamanda hawezi kumwachisha askari kwa masharti hayo bila kumpa nafasi ya kusikilizwa na bodi, na karatasi za kukuachisha hivyo zikiwahi kuletwa kwako, usiiache haki ya bodi bila wakili kukueleza unachokiacha. Kwa sasa, ukishaonana na wakili mtetezi, nenda pia ofisi ya msaada wa kisheria ya kambi uwaonyeshe maombi yako ya uraia.

Hujaniuliza, lakini ni haki ulijue: mwaka 2019 ofisi ya ukaguzi ya bunge la Marekani iliripoti kwamba askari weusi walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi kuliko wazungu wa kuchunguzwa na kushtakiwa katika mahakama za kijeshi. Sikuelezi hili ili umshuku kamanda wako, ambaye simfahamu. Nataka tu usione aibu kuitumia kila haki uliyopewa, kana kwamba kuitumia ni utovu wa shukrani kwa nchi iliyokupokea.

Kuhusu wadogo zako, fanya hesabu kabla ya kikao. Kinachokatwa ni sehemu ya mshahara wa msingi, na ukishushwa daraja siku hiyohiyo, makato yanapigwa kwa mshahara wa daraja jipya. Mkuu wa kombania hawezi kukata zaidi ya siku 7, ila kushuka daraja kunapunguza kila mshahara unaofuata mpaka upande tena, na hilo ndilo litakalogusa karo. Mpigie mama akishapata nafuu, umweleze kwamba huenda fedha za miezi ijayo zikapungua, ili shule ijulishwe mapema na watoto wasirudishwe nyumbani katikati ya muhula.